Kabla hujavunja monita ya studio kwa ajili ya shaba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niseme na wanunuzi wa vyuma chakavu, mafundi wa runinga na wenye studio za video wa Arusha na Moshi. Jambo lenyewe ni monita za chogo za kitaalamu: yale masanduku ya kijivu yenye vitufe vingi mbele na soketi za kuzungusha nyuma, ambayo miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalijaa kwenye vyumba vya kuhariria video, magari ya matangazo na vyumba vya upasuaji. Leo yakitolewa stoo yanapelekwa kwenye mzani. Shingo ya tyubu inagongwa nyundo, shaba ya yoki, yaani koili iliyovikwa shingo ya tyubu, inapimwa kilo, kioo kinaachwa mtaroni.

Zipo zinazovunjwa zikiwa nzima. Zimeitwa mbovu kwa sababu aliyezijaribu alichomeka waya wa njano wa king'amuzi penye tundu lisilohusika, au aliona madoa ya kijani na zambarau kwenye kona akadhani tyubu imekufa. Huko nje PVM, moja ya monita hizi za Sony, ya inchi 20 inayofanya kazi huuzwa kwa mamia ya dola. Shaba ya yoki moja haifiki popote karibu na hapo.

Wanaozitaka ni wapenzi wa gemu za zamani. Waliokulia kwenye kaseti za gemu na vibanda vya PlayStation wengine bado wana mashine zao, na wakizichomeka kwenye flati wanakuta picha imefubaa, na wakibonyeza, mchezaji anaruka akiwa amechelewa. Mashine zile hutuma mistari 240 hivi kwa kila picha, picha 60 kwa sekunde, au 50 kwa zile za PAL, mfumo wa TV wa Ulaya. Flati nyingi hudhani kwamba ni picha nusunusu za matangazo ya kawaida. Huziunganisha mbili mbili, huzikuza, ndipo huzionyesha, na kazi hiyo inakula muda. TV ya chogo haisubiri kitu. Mstari ukifika, unachorwa hapohapo. Hata bunduki za gemu kama Zapper ya Nintendo, zinazosoma mwanga wa skrini, kwenye flati hazifanyi kazi.

TV ya chogo ya sebuleni nayo inafaa, na asiyetaka usumbufu imtoshe. Ila nyingi za huku zina tundu la njano tu, na waya wa njano unabeba mwanga na rangi zote vikiwa vimekorogwa pamoja. TV inavitenganisha kwa kubahatisha, ndiyo maana nyekundu humwagika nje ya mpaka wake na maandishi madogo hutetemeka. Monita ya studio inapokea nyekundu, kijani na buluu, kila moja kwa waya wake. Kuna faida nyingine ambayo wenye PlayStation za PAL zilizochipiwa wataielewa haraka: CD ya Marekani au Japani kwa waya wa njano mara nyingi hutoa picha nyeusi na nyeupe, kwa sababu masafa ya rangi hayalingani na mfumo wowote ambao TV inaujua. Kwa waya tatu za rangi tatizo hilo halipo kabisa.

Utaitambua kwa lebo ya nyuma. Sony walizipa majina ya PVM na BVM, JVC wana TM, na zipo za Ikegami na Panasonic. Kwenye PVM-14M2E au PVM-20M4E, tarakimu za mwanzo ni inchi. Ya 14 ina kilo 15 na zaidi, ya 20 inakaribia kilo 30, na karibu uzito wote uko mbele kwenye kioo. Kwa hiyo ibebe kioo kikielekea kifuani, na ukiipakia kwenye kirikuu ilaze kioo chini juu ya godoro. Isisafiri kwa bodaboda. Utasikia watu wakibishana kama ni bora ya mistari 600 au 800 ya ukali wa picha. Kwa PlayStation na mashine zilizoitangulia 600 inatosha na kubaki. Usiiache ya inchi 14 iliyo safi kwa kukimbilia ya 20 iliyochoka.

Jihadharini na BVM za aina moja: za mfululizo wa D, kama BVM-D20F1, hazina vitufe vya kuongozea kwenye mwili wake. Bila kidhibiti chake cha BKM-10R huna pa kubonyeza, na bila kadi ya BKM-129X nyuma hakuna pa kuingizia waya za rangi. Wenye studio, mkiitoa hiyo toeni na kidhibiti chake. Wengi hutupa kidhibiti kwanza, kisha monita nzima inakosa maana.

Unapoijaribu dukani au kwenye soko la Kiborloni, Moshi, iwashe ikiwa ya baridi. Tyubu nzima hutoa picha ndani ya sekunde 10 au 20 na rangi hutulia baada ya dakika chache. Ikianza na wekundu au ukijani usioondoka hata baada ya nusu saa, mmoja wa mizinga mitatu inayorusha miali ya rangi ndani ya tyubu umechoka. Weka picha nyeupe tupu: maandishi hafifu yanayobaki pale pale, saa na tarehe za kamera za ulinzi kwa mfano, ni kuungua kwa kioo na hakuna dawa. Ikiwaka na kuzima kwa mlio wa tiki-tiki, mara nyingi ni pawa saplai, na hiyo hutengenezeka. Ukiona mstari mmoja mweupe wa kulala katikati, sehemu inayosogeza mwali juu na chini imekufa. Izime upesi maana mstari ule unachoma unga wa rangi uliopakwa ndani ya kioo, lakini usiihukumu, kwani mara nyingi ni aisi (chipu) au viungo vya risasi ya kuchomelea vilivyopasuka kwenye bodi. Madoa ya rangi kwenye kona hayahesabiwi kama ubovu mpaka ufanye nitakayoeleza hapa chini.

Kabla ya plagi, soma volti. Lebo ikisema 100-240V, chomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 bila wasiwasi. Ikisema 120V ni ya soko la Marekani, 100V ni ya Japani, na zote mbili zinahitaji transfoma ya kushusha. Kwa ya inchi 20 nunua transfoma ya wati 300 au zaidi, kwa sababu koili ya kuondoa sumaku huvuta umeme mwingi kwa sekunde moja pale monita inapowaka, na transfoma ndogo hupiga kelele au hukata fyuzi. Plagi iwe ya pini 3 na waya wa ardhi uwe umefungwa kweli. Umeme ukikatika, chomoa. Mshtuko wa kurudi kwa umeme ndio unaoua pawa saplai. Stebalaiza yenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5, kama zile za friji, inafaa.

Sasa sumaku, na hapa ndipo mafundi wengi wanakosea. Tyubu za Trinitron, ambazo Sony walizileta mwaka 1968, zina mistari ya wima ya unga wa rangi tatu, na mbele yake wavu wa nyuzi za wima. Mwali wa nyekundu lazima uanguke juu ya unga wa nyekundu, na nafasi ya kukosea ni ndogo sana. Kitu chochote kinachousukuma mwali kulia au kushoto kidogo tu kinaupeleka kwenye rangi ya jirani. Sumaku ya dunia inafanya hivyohivyo. Ulaya, mistari ya sumaku ya dunia inazama ardhini kwa mwinuko mkali. Huku kwetu, nyuzi 3 na ushee kusini mwa ikweta, inapanda kutoka ardhini kwa ulalo. Monita iliyorekebishwa Uingereza ikishushwa Arusha inasukumwa upande ambao haukutarajiwa. Madoa yale ya kijani na zambarau kwenye kona ndiyo hayo. Watengenezaji walilijua, na baadhi ya monita za kompyuta ziliuzwa kwa matoleo tofauti ya kaskazini, ikweta na kusini mwa dunia.

Dawa ni kuondoa sumaku mahali monita itakapokaa, si dukani. Iweke mezani pake ikiwa imezimwa na imepoa. Ondoa sabufa, spika zisizo na kinga zikae angalau mita 1, na ile sabufa kubwa mbali zaidi. Meza ya chuma haifai, wala ukuta wenye nondo za dirisha nyuma yake tu. Washa. Utasikia mngurumo mfupi: hiyo ni koili inayojipiga yenyewe. Acha iwake dakika 30, kisha bonyeza kitufe cha DEGAUSS, yaani ondoa sumaku. Picha itacheza na kutulia. Usirudie kabla ya dakika 10, kwa sababu kifaa kinachopunguza umeme wa koili kidogokidogo kikiwa cha moto hakifanyi kazi na unachoka bure. Mara 2 au 3 kwa nafasi hiyo huwa zinatosha. Zisipotosha, fundi mwenye koili ya mkononi aizungushe mbele ya kioo, arudi nyuma taratibu hadi mita 2 ndipo azime. Akiizimia karibu na kioo, anaacha sumaku mbaya kuliko aliyoikuta.

Upande inapotazama nao una maana. Ikitazama kaskazini au kusini, sumaku ya dunia inapita kwenye urefu wa tyubu na kuipindisha picha nzima kidogo, kama fremu iliyotundikwa vibaya. Kwa hiyo Arusha isiutazame Meru wala kuupa kisogo, na Moshi vivyo hivyo kwa Kilimanjaro. Itazame mashariki au magharibi na upindaji unapungua. Kila ukiigeuza, bonyeza DEGAUSS upya.

Waya. Soketi za nyuma zinaitwa BNC, na hapa tuna bahati: ni zilezile za kamera za ulinzi. Duka lolote linalouza kamera hizo lina plagi za BNC, viunganishi vya BNC kwenda tundu la RCA, na waya wa RG59 wenye ukinzani wa omu 75, ambao ndio unaotakiwa.

Mwenye PlayStation 2 aanze na njia rahisi. Tafuta waya wa komponenti wenye plagi 5, yaani kijani, buluu, nyekundu za picha, na nyekundu na nyeupe za sauti. Tia viunganishi 3 vya BNC. Kijani iende kwenye tundu la G lenye alama ya Y, buluu kwenye B, nyekundu kwenye R. Kwenye menyu ya PlayStation 2, ingia System Configuration, kisha Component Video Out, chagua Y Cb/Pb Cr/Pr. Kwenye monita chagua komponenti, na EXT SYNC (sinkro ya nje, nitaieleza hapa chini) iwe imezimwa. Ukisahau kubadilisha menyu, picha itakuja na rangi zilizoharibika, na watu huirudisha monita dukani kwa kosa hilo tu. Usichague hali ya progresivu ndani ya gemu: monita nyingi za aina hii zinakubali kilohezi 15 peke yake, yaani mistari 15,000 hivi kwa sekunde, na picha itasambaratika kuwa michirizi.

PlayStation ya kwanza haina komponenti. Inatoa nyekundu, kijani na buluu. Hapo nunua waya wake wa RGB (hizo rangi tatu) wenye plagi ya SKATI, ile pana ya pini 21 ya TV za Ulaya, halafu tengeneza kiunganishi: tundu 1 la SKATI la kike, vipande 4 vya RG59 vya mita 1 vyenye urefu sawa, plagi 4 za BNC. Nyekundu inatoka pini 15, kijani pini 11, buluu pini 7, sinkro pini 20. Maganda ya waya, yaani misuko ya nje ya RG59, kwa mpangilio huohuo, yaende pini 13, 9, 5 na 17. Sauti ya kushoto ni pini 6, ya kulia pini 2, ardhi ya sauti pini 4. Pima kila njia kwa mita ya umeme kabla ya kuchomeka. Waya wa Kijapani una umbo lilelile la plagi lakini pini zake zimepangwa tofauti, usiuchanganye na huu.

Sinkro ni alama inayoiambia monita mstari unaanza wapi. Chomeka waya wake kwenye EXT SYNC kisha, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, bonyeza kitufe cha EXT SYNC mbele. Kisipowaka, PVM inatafuta sinkro ndani ya kijani, haiikuti, na picha inabingirika au kukatika vipande. Nimeona monita zikifunguliwa kifuniko kwa sababu ya kitufe hiki kimoja.

Sinkro ya baadhi ya mashine, hasa zilizofanyiwa kazi na mafundi ndani, ni volti 5 kavu, wakati monita inatarajia chini ya volti 1. Tia rezista ya omu 470 kwenye njia. Pamoja na omu 75 za monita, volti 5 zinagawanyika na kubaki 0.7 hivi, ambazo ni salama.

Hizo omu 75 nazo lazima ziwepo mara moja tu. Monita nyingi zina tundu la kuingia na la kutoka kwa kila rangi, na baadhi zina swichi ndogo ya 75Ω. Ikizimwa, rangi inayotakiwa iwe volti 0.7 inapanda hadi 1.4: picha inang'aa kupita kiasi, nyeupe inavimba, vivuli vinatokea kando ya maandishi. Ukiunganisha monita ya pili kwenye tundu la kutoka na zote mbili zimewashwa 75Ω, rangi inashuka hadi 0.47 na kila kitu kinakuwa giza. Iwashe kwenye ya mwisho tu.

Sauti ya monita hizi kwa kawaida ni spika moja ndogo. Tumieni sabufa, kwa umbali niliousema. Ukisikia mvumo au ukaona ukanda wa kivuli unaopanda polepole kwenye picha, chomeka vyote kwenye ekstensheni moja.

Marekebisho hufanywa baada ya dakika 30 za moto, si kabla. Programu ya 240p Test Suite aliyoianzisha Artemio Urbina ni ya bure na ina matoleo ya mashine za gemu kama Mega Drive, Dreamcast na Wii. Anza na picha ya vipande vya kijivu: shusha mwangaza hadi nyeusi iwe nyeusi kweli, kisha pandisha kontrasti mpaka kabla tu nyeupe hazijaanza kuvimba. Ukali uweke chini kabisa; ukizidisha, kila herufi inapata ukingo mweupe. Kwenye wavu wa mistari myeupe tazama kama nyekundu na buluu zinaachana katikati. Nyingi za PVM zina rekebisho la H STAT la kuzirudisha pamoja. Kona zikiachana kidogo, ziache. Kuzifukuza kunahitaji kugusa yoki, na ukiharibu katikati kwa ajili ya kona umepata hasara.

Ndani ya sanduku asiingie asiyejua. Tyubu ya inchi 20 hutumia volti 20,000 hadi 25,000, na chaji hubaki hata baada ya kuchomoa. Fundi anayefungua aitoe kwa bisibisi yenye mpini mzima, waya wake ukiwa umefungwa kwenye ule msuko wa shaba unaozunguka mgongo wa tyubu, si kwenye ardhi ya bodi, maana aisi ndogo hufa hapo. Mkono mmoja, mwingine mfukoni. Akiwa humo, apige brashi vumbi la kiangazi lililoganda kwenye waya mzito wa flaibeki, transfoma inayotoa volti hizo, kwa sababu masika likinyonya unyevu linaanza kutoa cheche. Kapasita zilizokauka, zile zinazosababisha picha kujikunja juu au kusinyaa pembeni, azibadilishe kwa za nyuzi joto 105, uwezo uleule, volti sawa au zaidi.

Na ile iliyokufa kweli, yenye tyubu iliyochoka, bado isivunjwe. Kioo cha tyubu ya rangi kina madini ya risasi ndani yake, na shingo ikipasuka hewa huingia kwa nguvu na kurusha vigae. Muuzieni fundi ikiwa nzima. Bodi, flaibeki, yoki, vitufe na hata mlango mdogo wa mbele vinafufua nyingine ya aina ileile, na vipuri hivyo havitengenezwi tena popote. Wenye studio na hospitali, kabla ya kuita gari la chakavu, chomoeni waya zake za BNC, zifungeni pamoja kwa utepe na zibandikeni juu ya monita yenyewe, na kidhibiti chake kama kipo.

Fundi runinga,
Ngarenaro, Arusha